Uzi maalumu: Kushindilia risasi zako mwenyewe Missouri. Praima, baruti, maganda na vichwa tununue wapi bila kuumizwa na bei?

SikongeMpakaMissouri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu msimu wa kulungu uishe nimepokea ujumbe wa faragha kutoka kwa watu saba, na wote wanauliza swali moja: "Vifaa vya kushindilia unanunua wapi?" Nimeona nisimjibu mmoja mmoja. Nafungua uzi, wenye uzoefu waongeze na wanisahihishe.

Babu yangu alikuwa mwindaji kule Sikonge, Tabora. Gobore lake nalikumbuka vizuri: anamimina baruti, anashindilia kwa mdeki, anaweka goroli, anashindilia tena, mwisho anapachika fataki. Sisi watoto tulikuwa tunakatazwa hata kukohoa karibu yake. Nilipohamia Missouri, jirani yangu, mzee Mmarekani mstaafu, akanikaribisha gereji kwake kuona presi yake ya kujazia maganda. Nikaona kazi ni ile ile ya babu, ila fataki sasa inakaa kwenye kitako cha ganda. Ndiyo maana naita kushindilia, ingawa wengi hapa mnasema kuriload.

Tuelewane kwenye majina. Ganda ni lile la shaba ya manjano linalobaki baada ya kufyatua. Fataki ndiyo praima. Baruti ni baruti. Kinachoruka kwenda kwa mnyama nakiita kichwa, kwa sababu tukisema "risasi" hatujui kama ni kichwa peke yake, ni nzima, au ni ile madini inayoyeyushwa.

Sasa pesa. Hii ni hesabu ya daftari langu kwa .308, saizi ya risasi ya bunduki ninayowindia, bei nilizolipa mimi hapa Missouri. Praima elfu moja nililipa dola 80, yaani senti 8 kila moja. Baruti ratili moja dola 50. Ratili ina graini 7,000. Tuseme kwa hesabu tu ganda linakula graini 40, utapata risasi 175, kila moja karibu senti 29. (Hiyo 40 ni namba ya kufanyia hesabu. Kipimo chako kitoe kwenye kitabu cha vipimo, usikitoe kwangu.) Vichwa 100 vya kuwindia dola 42, yaani senti 42. Ganda ninalo tayari. Jumla senti 79. Boksi la dukani la risasi 20 za aina hiyo nililipa dola 38, yaani dola 1.90 kwa moja. Kwa hiyo naokoa dola 1.11 kila ninapovuta kifyatulio. Vifaa vyangu vya kuanzia vilinigharimu dola 300 hivi, vikajilipa nilipofika risasi ya 270.

Kwa 9mm, ile risasi ya bastola, hesabu inageuka. Dukani 50 nimeziona kwa dola 13, senti 26 moja. Nikishindilia mwenyewe: praima 8, baruti kama 3, kichwa 10, jumla 21. Naokoa senti tano. Kurudisha dola 300 nahitaji risasi 6,000! Kama una bastola tu na unaenda uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwaka, nunua boksi dukani, pesa nyingine mpelekee mama nyumbani. Nasema hivi kwa nia njema, kwa sababu nimeona vijana wananunua mashine za dola elfu moja halafu zinaota vumbi.

Wapi pa kununua? Sisi wa Missouri tumebarikiwa, na wengi hatujui. MidwayUSA, wauzaji wa vifaa hivi, wako Columbia, hapa jimboni. Graf & Sons, nao wauzaji, wako mji unaoitwa Mexico, hapa hapa Missouri. Sierra wanaotengeneza vichwa na Starline wanaotengeneza maganda wote wako Sedalia. Na Starline wanauza moja kwa moja kwenye tovuti yao, hupiti kwa mtu wa kati. Mzigo unaotoka jimboni kwako unafika haraka. Piga simu kwanza, uliza kama unaweza kwenda kuchukua mwenyewe.

Kinachowaumiza watu mtandaoni ni ada ya mzigo wa hatari, hazmati. Praima na baruti husafirishwa kama bidhaa za hatari, na kila oda inatozwa ada hiyo juu ya nauli. Mimi nimewahi kutozwa kuanzia dola 20 mpaka karibu 50. Ukiagiza ratili moja ya baruti kwa dola 50 na ada ya 30, umenunua baruti ya dola 80. Lakini ada ni ya oda, haihesabiwi kwa kopo. Duka lenyewe likiwa nazo zote, praima na baruti huweza kusafiri kwa ada moja mpaka ukomo wa uzito walioweka. Kwa hiyo ama nunua dukani kwa miguu yako, ama subirini muwe watatu au wanne muagize pamoja. Vichwa na maganda havina ada hiyo, hivyo agiza wakati wowote penye punguzo.

Na wakati wa kununua ni sasa, Februari na Machi, kabla watu hawajakumbuka msimu. Mwezi Oktoba rafu zinakuwa tupu na kila mtu ana haraka.

Nakaribisha michango.

EldoretStLouis

Shukrani mkuu kwa hesabu, hiyo ya 9mm ni kweli tupu.

Naongeza upande wa kuibiwa. Mwaka 2021 praima hazikuwepo kabisa. Remington walikuwa wamefilisika 2020, watu wapya wamenunua bunduki kwa mamilioni, halafu mwezi Septemba 2021 Marekani ikazuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi. Nikaona tovuti inauza praima elfu kwa dola 35. Picha safi, nembo safi, maoni ya wateja mazuri. Malipo ni kwa Zelle peke yake, ile huduma ya kutuma pesa benki kwa benki. Nikatuma dola 210. Pesa ikaenda hivyo, na wiki mbili baadaye tovuti ikapotea.

Siku hizi naangalia mambo haya kabla sijatoa kadi: kama hawakubali kadi ya benki, natoka. Kama kila kitu kipo, hata zile baruti ambazo hakuna mtu nchini anazo, natoka. Kama bei ni ya mwaka 2018, natoka. Na kama hakuna ada ya hazmati kabisa na hakuna maelezo kwa nini, nachunguza zaidi, kwa sababu wauzaji wa kweli huwa wanaisamehe siku za ofa na wanaitangaza kwa herufi kubwa.

Halafu mkuu hujagusa marisau, zile risasi za chembechembe za bunduki ya kuwindia ndege. Mimi nawinda njiwa Septemba na nalenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani karibu kila Jumapili.

SikongeMpakaMissouri

Pole sana kaka. Hiyo 210 iwe funzo kwetu sote, na asante kwa kuisema wazi.

Marisau niliacha makusudi maana uzoefu wangu ni mdogo. Ninachojua ni hesabu ya mfuko: mfuko wa ratili 25 ukijaza wakia moja na moja ya nane kila ganda unatoa maganda 355. Chukua bei ya mfuko gawanya kwa 355, ongeza praima, baruti na ile kofia ya plastiki ya ndani. Mara nyingi unakuta boksi la dukani la kulengea visahani linakuja bei ile ile. Kwa maganda ya kawaida ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) sioni faida ya pesa. Kwa geji 28 au .410, ambazo dukani ni ghali, hapo faida ipo.

EldoretStLouis

Umenena. Nina mashine ya MEC niliyonunua kwa mzee mmoja wa klabu, na ninayojazia ni geji 28 tu. Geji 12 niliacha.

Bukavu_DesMoines

Jambo sana ndugu zangu. Mimi niko Iowa, mpakani kabisa na ninyi. Uzi huu ni muzuri, aksanti.

Mimi nilianza kwa kuokota maganda kwenye uwanja wa shabaha. Nilikuwa nafikiri ganda ni ganda. Siku ya kwanza nikavunja sindano mbili za kutolea praima kwa dakika kumi. Mzee mmoja akaniambia nimulike tochi ndani ya ganda. Nikaona tundu mbili ndogo badala ya moja ya katikati. Akaniambia hiyo ni Berdan, sindano yako inapiga ukuta. Ya tundu moja ndiyo Boxer, hiyo ndiyo ya kushindilia.

Kitu kilichonishangaza ni historia yake. Boxer alikuwa afisa Mwingereza, na maganda yake ndiyo yamejaa Amerika. Berdan alikuwa Mmarekani, na mfumo wake ndio ulienea Ulaya na Urusi. Mpaka leo ukiona ganda la jeshi lililotoka nje, mulika kwanza.

Sasa swali langu: haya maganda yenye alama LC, watu wanayauza kwa kilo na bei iko chini sana. Yananunulika?

SikongeMpakaMissouri

Hayo ninayapenda kuliko yote, na ni ya nyumbani kwetu. LC ni Lake City, kiwanda cha risasi cha jeshi pale Independence, jirani na Kansas City, kilianzishwa 1941. Shaba yake ni nzuri na imara.

Ila yana kazi mbili za ziada. La kwanza, praima ya jeshi hubanwa kwa ukingo ili isichomoke ndani ya bunduki ya otomatiki. Ukiitoa, ule ukingo unabaki, na praima mpya haiingii vizuri, inajikunja. Lazima uukwangue au uusukume na kifaa chake. Kifaa cha mkono cha kukwangua ni bei rahisi na kinadumu. Fanya mara moja tu, ganda likirudi mara ya pili halina tena ukingo.

La pili, na hili msikilize kwa makini: maganda ya 7.62 ya jeshi kwa kawaida ni manene kuliko ya .308 ya kiraia. Unene ukiongezeka, nafasi ya ndani inapungua, na baruti ile ile inaleta shinikizo kubwa zaidi. Usichukue kipimo ulichokizoea kwenye ganda la kiraia ukakimwaga humo. Anza chini kama kitabu kinavyosema, panda polepole. Na usichanganye maganda ya mihuri tofauti kwenye kundi moja. Mimi napanga kwa muhuri wa kitako, kila muhuri na kopo lake.

Kuhusu kununua kwa kilo: uliza kama yamefyatuliwa mara moja tu au yameokotwa kila mahali. Neno "mara moja" watu hulitumia ovyo. Ganda likiwa na mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, kama pete, limeshachoka na linataka kukatika pale. Tupa.

MamaNeemaKC

Habari zenu wanaume. Mimi na mume wangu tunawinda pamoja, na kwetu mwenye presi ni mimi, kwa sababu mume wangu hana subira ya kupima baruti kwa mizani.

Nataka niseme kuhusu vifaa vilivyotumika, maana hapo ndipo sisi tuliokoa pesa ya maana. Presi ya chuma haizeeki. Tulikwenda kwenye mnada wa vitu vya marehemu, mji mdogo huko kusini, tukapata RCBS Rock Chucker kwa dola 80. Nikaisugua kutu, nikaitia mafuta, inafanya kazi kama mpya. Kampuni hiyo pia inajulikana kwa kusaidia watu wenye mashine zao za zamani wakipungukiwa vipuri. Kama hujapata ya namna hiyo, za Lee wanaotengeneza Hartford, Wisconsin ndizo za bei ya chini kwa mpya, na wala si mbaya.

Lakini pale pale mnadani mjane yule, Mungu ambariki, alitaka kutupa bure makopo mawili ya baruti yaliyofunguliwa. Mume wangu alishanyoosha mkono. Nikakataa. Kopo lililofunguliwa hujui kama ndani kuna kile kilichoandikwa nje. Mtu alirudisha baruti ya bastola kwenye kopo la bunduki kubwa kwa bahati mbaya, wewe ukaijaza, bunduki inapasuka usoni pako. Nikamshauri apige simu idara ya zimamoto ya mji wao aulize namna ya kuziondoa, na akafanya hivyo. Kwa hiyo kwenye mnada nunua chuma, dai (zile kalibu za presi zinazorudisha ganda umbo lake), mizani, vichwa, maganda. Baruti iliyofunguliwa iache, hata ikiwa bure.

Na baruti yako mwenyewe, fungua unuse mara kwa mara. Nzima inanuka kama spiriti au itha. Ikinuka ukali wa asidi, au ukiona vumbi jekundu kama kutu, imeharibika.

La mwisho, watoto. Praima ina risasi ndani yake, ile madini. Ukitingisha maganda machafu kwenye mashine ya kusafishia, vumbi lile linaingia mapafuni. Sisi tunafanyia nje, na ndani ya zile chembe za ganda la jozi natia vipande vya ile karatasi ya kukaushia nguo, inashika vumbi. Chembe zenyewe nanunua duka la wanyama, zinauzwa kama matandiko ya mijusi, bei ni chini kabisa kuliko zenye picha ya bunduki kwenye mfuko. Tukimaliza tunanawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa mtoto au chakula. Hatuli wala hatunywi chai kwenye meza ile.

SikongeMpakaMissouri

Mama Neema, ubarikiwe. Hilo la matandiko ya mijusi sikulijua, nimetumia za bei mbaya miaka mitano.

Naongezea usafi: wanaosafisha kwa maji wanatumia sabuni ya vyombo na asidi ya limau, ile ya unga. Inatosha. Usitumie dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia, inaidhoofisha shaba mpaka inapasuka.

Bukavu_DesMoines

Mama, asante sana. Nina watoto watatu, hili la vumbi hakuna mtu aliniambia.

MwanafunziKansas

Shikamooni. Niko mwaka wa pili chuoni, nimekuja kwa visa ya mwanafunzi, F-1. Rafiki zangu wananipeleka uwanja wa shabaha na nimependa sana huu ufundi. Naweza kuagiza vifaa nikaanza taratibu bwenini? Hata kama sina bunduki, nianze na maganda na praima tu.

SikongeMpakaMissouri

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla. Usiagize chochote kwanza.

Sheria ya shirikisho hapa Marekani inaposema "ammunition" haimaanishi risasi nzima peke yake. Ganda, praima, kichwa na baruti, kila kimoja kimetajwa. Na mtu aliyeingia kwa visa ya muda kama yako anazuiwa kumiliki silaha au risasi, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyoandikwa. Unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Mwenye green card hayumo kwenye kizuizi hiki. Kwa hiyo kopo moja la praima kwenye droo ya bwenini linaweza kukuharibia visa, masomo na ndoto ya wazazi waliouza ng'ombe kukusomesha. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na zungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Usichukue neno langu wala la rafiki zako. Na bweni lenyewe karibu kila mahali halikubali vitu hivi hata kwa raia.

Kusoma hakuna kizuizi. Hodgdon wameweka vipimo vyao bure mtandaoni, anza kuvisoma. Ukija upande wetu mwambie yeyote kati yetu, utakaa pembeni ya meza uangalie.

Na wengine wote mjue: kushindilia kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Ukianza kuwauzia watu ulizoshindilia, hapo unahitaji leseni ya mtengenezaji, aina ya 06. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu, haina kisingizio. Ila mimi sitawahi kumpa mtu risasi niliyoshindilia, hata bure. Ikimpasukia, nitalala vipi?

MwanafunziKansas

Asante sana kaka, umeniokoa. Nilikuwa nimeshaweka vitu kwenye kikapu cha tovuti. Nimefuta.

Tabora255

Wakuu wa majuu, nasoma nikiwa hapa Tabora mjini. Kaka wa Sikonge, mimi nina bunduki ya kihalali ya marisau yenye kibali. Risasi huku ni ghali. Huwezi kunitumia praima kidogo na mtu anayekuja Desemba?

SikongeMpakaMissouri

Ndugu yangu, salamu nyingi za nyumbani, na pole kwa bei. Lakini jibu ni hapana, na nakuomba usimwombe mtu mwingine yeyote.

Praima na baruti hazipandi ndege kabisa, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Kuzitoa Marekani bila kibali cha usafirishaji ni kosa kubwa hapa. Na huko nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; kutengeneza risasi nyumbani si jambo la kujiamulia kama huku. Huyo utakayempa mzigo atakamatwa uwanja wa ndege, na wewe kibali chako kitakwenda. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na ukienda kuhuisha kibali uliza polisi hapo hapo utaratibu wa kiasi unachoruhusiwa. Najua si jibu ulilolitaka.

Tabora255

Nimekuelewa kaka. Nashukuru kwa kunieleza ukweli. Nitawasalimia Sikonge.

EldoretStLouis

Turudi kwenye bei. Mkuu, baruti za Varget na H4350 mbona kila nikitafuta hakuna, au bei yake ni ya kutisha? Na kuna jamaa ameniambia nitumie tu IMR 4350, ati ni kitu kimoja.

SikongeMpakaMissouri

Hapana! H4350 na IMR 4350 si kitu kimoja. Namba inafanana, vipimo havifanani. Kuna nyingine kama H110 na W296 ambazo kweli ni baruti moja yenye majina mawili, ndiyo maana watu wanazoea kudhani. Kila baruti ifuate ukurasa wake kwenye kitabu.

Varget na H4350 zinauzwa na Hodgdon wa Kansas lakini zinatengenezwa Australia, kiwanda cha Mulwala. Zinavuka bahari, na kila mlenga shabaha wa masafa marefu anazitaka hizo hizo. Juu ya hayo, tangu vita vya Ukraine nitroselulosi, ambayo ndiyo mwili wa baruti zote za kisasa, inagombewa na viwanda vya mizinga.

Ushauri wangu hapa ni kinyume na wanavyofanya wengi. Wengi wanachagua baruti kwa kusikia sifa, halafu wanaiwinda kwa miezi na kulipa bei yoyote. Mimi nilikwenda dukani nikaandika majina ya baruti zote zilizokuwa zimekaa kwenye rafu kwa wiki nne mfululizo. Nikarudi nyumbani nikafungua kitabu, nikatafuta ipi kati ya hizo ina vipimo vya .308 kwa kichwa cha graini 150. Zilikuwa tatu. Nikachagua moja, nikajaribu, kulungu wa yadi mia hajui tofauti. Tangu hapo sijawahi kukosa baruti wala kulipia sifa ya jina.

Fanya hivyo hivyo kwa praima. Si lazima CCI au Federal. Kuna Fiocchi wa Italia, kuna Ginex wa Bosnia, mara nyingi bei yao iko chini. Ila ukibadilisha chapa ya praima, rudi chini kwenye kipimo cha kuanzia na upande upya.

Mahali pa kutobana pesa ni pawili tu: kitabu na mizani. Kitabu nunua kipya, cha sasa. Mizani ya dola 15 ya kupimia vito niliwahi kuwa nayo, ikawa inabadilisha mawazo feni ikiwashwa. Niliitupa na kununua ya mhimili, na uzito wa kuihakiki.

MamaNeemaKC

Na miwani ya macho, tafadhali. Unapopachika praima, miwani iwe usoni. Na praima zikae kwenye trei zao za kiwandani. Usizimimine kwenye chupa ya jamu kwa sababu inapendeza. Moja ikilipuka humo, zote zinakwenda.

Bukavu_DesMoines

Mkuu, na kiasi gani mtu anaweza kuweka nyumbani? Nikipata bei nzuri nataka ninunue nyingi.

SikongeMpakaMissouri

Mwongozo wa NFPA 495, wa chama cha Marekani cha kujikinga na moto, ambao miji mingi inaufuata, unasema nyumbani baruti isiyo na moshi mpaka ratili 20, ndani ya makopo yake ya awali, na praima zisizidi 10,000. Zaidi ya ratili 20 mpaka 50 inataka sanduku la mbao lenye kuta za inchi moja. Mji wako au mwenye nyumba wako anaweza kuwa mkali zaidi, kwa hiyo uliza. Sehemu iwe kavu, ya ubaridi, mbali na hita ya maji. Usifungie kwenye sefu ya chuma inayobana hewa. Ikishika moto humo inageuka bomu.

Kopo la ratili nane kwa kawaida ni nafuu kwa kila ratili kuliko makopo manane ya moja moja. Lakini usilinunue mpaka uwe umejaribu ratili moja na bunduki yako imeipenda.

EldoretStLouis

Basi tuagize pamoja. Mimi nataka praima kubwa za bunduki elfu mbili na ratili mbili. Nani mwingine wa Missouri?

MamaNeemaKC

Mimi elfu moja, na ratili moja.

SikongeMpakaMissouri

Mimi elfu moja na ratili nne. Jumla praima elfu nne, ratili saba. Tukipata ada ya dola 30 na kuigawa watu watatu ni kumi kumi. Ndugu wa Iowa usikasirike, hii tuiache kwa walio jimbo moja, kila mmoja nimjue kwa sura na niwe na hakika sheria inamruhusu. Wewe tafuta wawili watatu hapo Des Moines, nitakusaidia kupanga oda.

Nitaagiza Jumatatu kwa jina langu na kuweka risiti hapa, namba za kadi zikiwa zimefunikwa. Lazima mtu mzima asaini mzigo ukifika, na Jumatano nipo nyumbani. Tukutane Jumamosi inayofuata saa nne asubuhi uwanja wa shabaha wa idara ya uhifadhi, ule wa Jay Henges. Mama Neema najua kwako ni mbali, nitakusogezea mpaka Columbia. Kila mmoja aje na boksi la mbao la kubebea, na pesa taslimu.

MamaNeemaKC

Columbia ni sawa. Nitakuja na mfuko wa matandiko ya mijusi, huo ni zawadi.